Kazi ya Mungu, Muda wa Watu

Kwenye ofisi ya kanisa hutukanwi. Utaitwa mtumishi wa Mungu, utaombewa, utapewa mkono kila Jumapili na kuulizwa habari za watoto. Halafu Jumamosi saa 5 usiku unaingia ujumbe: "Bwana asifiwe. Naomba tubadilishe wimbo wa pili na somo la kwanza. Ubarikiwe." Aliyetuma ameshalala. Wewe ndiyo kwanza unaanza kazi.

Mimi ni karani wa kanisa. Nimekalia kiti hiki chini ya wachungaji kadhaa, wakali kwa wapole, na kama kuna neno ningemwambia mchungaji anayekabidhiwa watumishi kwa mara ya kwanza, ni kwamba heshima kazini kwetu asiipime kwa lugha. Lugha yetu ni tamu siku zote, hata tunapoumizana. Aipime kwa saa. Aangalie nani anamsubiri nani, nani anaweza kumwamsha nani, na kazi ya nani inaweza kufutwa na kuanzwa upya bila mtu kuona kuwa kuna kilichopotea.

Nirudi kwa ule wimbo wa pili, maana wengi hawajui unagusa watu wangapi. Mpiga kinanda aliyefanya mazoezi tangu Jumatano anaanza kutafuta noti za wimbo mwingine usiku huo, na kama ni wimbo asioupiga mara kwa mara, usingizi ndiyo basi. Mwalimu wa kwaya alikuwa amechagua wimbo wa kwaya unaofuatana na ule uliofutwa. Sasa wake umebaki unaning'inia. Kijana wa mitambo, ambaye huandaa maneno ya nyimbo ya kuonyeshwa ukutani, anawasha kompyuta upya na kuchapa beti zote, na kwa kuwa ni usiku anakosea kibwagizo. Asubuhi waumini wote wanaliona kosa lake. Ule ujumbe wa saa 5 hakuna anayeuona. Mimi nilishachapa ratiba ya ibada, nikaikunja, iko kwenye boksi karibu na mlango, inachapwa tena. Na yule msomaji wa somo la kwanza, mzee anayelisoma somo lake nyumbani mara nyingi kabla hajasimama mbele za watu, anaambiwa mlangoni kwamba somo siyo lile. Akijikwaa kwenye majina ya wafalme, watu wanacheka chinichini.

Kuna mchungaji alipohamia kwetu, hata vitabu vyake hajavipanga, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dada, mambo ya Jumapili unataka yakufikie lini ili kazi yako uifanye vizuri?" Nikamwambia Alhamisi mchana. Hakunijibu papo hapo. Aliwafuata mpiga kinanda, mwalimu wa kwaya na kijana wa mitambo, mmoja mmoja, kila mtu pale pale anapofanyia kazi, akawauliza hivyo hivyo. Majibu hayakulingana. Kwaya walitaka wiki mbili, kijana wa mitambo alisema kwake hata Ijumaa jioni ni sawa tu. Mwisho tukakubaliana: nyimbo zijulikane wiki mbili kabla, masomo na matangazo yafungwe Alhamisi saa 6 mchana, na baada ya hapo kinachobadili ratiba ni msiba au ugonjwa. Akaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani, ofisini kwake mwenyewe.

Utaratibu wa namna hii huwa ni karatasi tu mpaka umkute mwenye cheo. Haukupita muda, Ijumaa moja mchungaji akaja amechangamka. Amepata wimbo unaobeba mahubiri yake kuliko ule uliopangwa. Akanisimulia habari zake, akaniimbia ubeti mzima pale mezani, kisha akacheka, akasema, "Basi, huu utakuja siku nyingine," akatoka. Jumapili tukaimba wimbo ule ule wa kwenye ratiba. Na kijana wa mitambo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa anatuangalia sote kwa jicho la nitaamini nikiona, akaanza kuhudhuria kikao cha watumishi cha Jumanne bila kukumbushwa.

Ndiyo maana nakipenda kisa cha Yethro, mkwe wa Musa, katika Kutoka 18. Musa ameketi kuamua mashauri ya watu, na watu wamesimama tangu asubuhi hata jioni. Tumezoea kulihubiri kama somo la kiongozi kugawa kazi ili asichoke, na kweli hilo limo. Ila msome Yethro vizuri. Swali lake linawataja wale waliosimama: mbona wewe umeketi hapo peke yako, na watu wote wanasimama kando yako? Na katika mstari wa 18 anasema watakaodhoofika ni Musa pamoja na watu alio nao. Musa aliamini anawahudumia. Ilibidi mkwewe aje kutoka mbali ndipo foleni ionekane.

Kanisa lina shida nyingine ambayo ofisi nyingi hazina: waajiri ni wengi mno. Kila anayetoa sadaka anajiona, moyoni mwake, ana haki ya kumtuma mtunza kanisa. Mzee wa kanisa ana agizo lake, mwenyekiti wa akina mama ana lake, na mtu anayeoa mwezi ujao anapiga simu kuuliza kama viti vinaweza kupangwa nusu duara. Wote wanasema "naomba". Hakuna anayejua mwenzake ameomba nini.

Mtunza kanisa wetu wa miaka ile alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Fungu lake la funguo alikuwa akilifunga kwenye kitambaa ili zisigongane akipita pembeni wakati wa ibada. Baraza la wazee lilikuwa linakaa jioni, na kikao cha wazee kikifungwa kwa sala huwa hakijaisha. Watu wanasimama mlangoni, hoja iliyoshindwa ndani inafufuliwa nje, mtu anakumbuka habari ya zamani, wengine wanacheka. Yeye amekaa kwenye benchi la nyuma kabisa, taa zote zimezimwa isipokuwa moja, funguo zimelala mapajani ndani ya kile kitambaa, anangoja wamalize ili afunge na aanze safari ya kwenda nyumbani. Hakukuwa na mtu mwenye nia mbaya pale. Ungewauliza wangekwambia wanampenda sana yule mama, na wasingekuwa wanasema uongo. Walikuwa hawamwoni tu.

Aliyemwona ni mhazini, mtu mkavu, maneno ya kiroho hana kabisa. Usiku mmoja aliwaacha wenzake katikati ya mazungumzo, akaenda mpaka benchi la nyuma: "Mama, nipe funguo. Nenda, nitafunga mimi." Kikao kilichofuata akaweka hoja mezani kwamba anayeitisha kikao ndiye anayefunga mlango. Ilipita bila mjadala, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama mbele ya wenzake na kueleza kwa nini yeye hawezi kufunga mlango.

Tukaongeza na daftari. Mwenye shida ya viti, usafi au ukumbi anaandika anachotaka na siku anayokitaka, na mama mwenyewe ndiye anapanga kianze kipi. Maombi mengi yalikufa pale pale, kumbe kuandika ni kazi. Yaliyobaki yalikuwa ya kweli.

Miaka hiyo hiyo mchungaji alinipa nisome Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile aliyowaandikia watawa wake katika karne ya 6. Kanisa letu haliko upande huo wa Ukristo, nikadhani amekosea bahasha. Ina sura 73, nyingi fupi. Ya 31 inamhusu mtunza ghala wa monasteri, na ukiisoma wewe uliye karani, mhazini au mtunza kanisa, utajikuta unatikisa kichwa. Vyombo vyote vya nyumba avitazame kama vyombo vya madhabahuni. Jumuiya ikiwa kubwa apewe wasaidizi. Kama hana cha kumpa mtu, ampe neno jema. Na mwishoni: vitu vitolewe kwa saa zake na viombwe kwa saa zake, ili mtu yeyote asisumbuliwe wala kuhuzunishwa katika nyumba ya Mungu. Karne ya 6, na tayari kulikuwa na mtu anayegonga mlango wa ghala usiku akiwa na ombi la dharura.

Hilo la neno jema linanipeleka kwenye mishahara. Makanisa mengi yanaishi kwa sadaka, na sadaka ina misimu yake. Walawi 19:13 inasema ujira wa kibarua usikae kwako usiku kucha hata asubuhi, na kila anayeshughulika na fedha za kanisa ajue kwamba amri hiyo ipo. Lakini kuna miezi fedha haipo, haipo kweli. Hapo kinachomdhalilisha mtu zaidi ni ukimya. Tarehe inapita, anayehusika na malipo anabadili njia asikutane na mlinzi, na mlinzi anakuja kusikia kwa wanakwaya kwamba vipaza sauti vipya vimenunuliwa. Yule mhazini wetu mkavu alikuwa anakuja wiki nzima kabla ya tarehe: mwezi huu fedha haitoshi, mlinzi na mtunza kanisa watapata yote, wengine nusu, mchungaji atasubiri Jumapili mbili. Alisema hivyo mbele ya mchungaji. Hatukufurahi, lakini tulijua tumesimama wapi, na mtu aliweza kwenda kuongea na mwenye nyumba wake akiwa na tarehe mkononi.

Kitu ambacho hakuwahi kutuambia ni kwamba tuuhesabu mshahara uliokosekana kuwa sadaka yetu kwa Bwana. Hilo nimelisikia kwingine. Sadaka anaitoa mwenye mali. Huwezi kuingiza mkono kwenye mfuko wa mwenzako ukamtolea wewe.

Sasa nije kwa jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo halihusu fedha wala funguo. Ni kukemewa kwa maombi. Ambaye hajawahi kufanya kazi kanisani hawezi kulijua. Tumeinamisha vichwa Jumanne asubuhi, na anayetuongoza anaomba: "Bwana, waguse wale ambao bado wana uzito wa kufika kwa wakati. Waondolee roho ya uvivu." Chumbani tuko wachache, aliyechelewa ni mmoja, na kila mtu anamjua. Huyo mtu hawezi kujibu kwa sababu amefumba macho na anayesemeshwa ni Mungu. Hawezi kueleza kwamba amepitia benki kwanza, kwa agizo la huyo huyo anayeomba. Anachoweza ni kuitikia amina kwa hukumu yake mwenyewe, pamoja na wenzake.

Siku hizi jambo hilo lina ndugu yake kwenye kundi la simu: "Kwa wale wanaojijua, ofisi si mahali pa kufanyia mambo binafsi." Basi siku nzima watumishi wanapigiana simu kuulizana ni nani, na kila mmoja anajitafuta. Aliyelengwa ndiye wa mwisho kufikiri kwamba ni yeye. Jambo la dakika tano limewala watu wote siku nzima, na bado halijamfikia mwenyewe.

Mathayo 18:15 tunaijua kwa moyo: ndugu yako akikukosea, mwendee ukamwonye, wewe na yeye mkiwa peke yenu. Tunawafundisha waumini wanaogombana. Nashangaa jinsi inavyoishia mlangoni mwa ofisi. Nimewahi kusikia ikijibiwa kwa Wagalatia 2, kwamba Paulo naye alimpinga Kefa, yaani Petro, mbele ya watu wote kule Antiokia. Ni kweli alimpinga. Lakini Kefa alikuwa mmoja wa wale walioitwa nguzo, na kosa lake la kujitenga na watu wa Mataifa, wasio Wayahudi, lilikuwa limefanyika hadharani na limeshawavuta wengine, hata Barnaba. Tarehe iliyokosewa kwenye matangazo haijafika huko. Na utaona wanaopenda kuutumia mfano huo hawautumii kumwelekea aliye juu yao.

Mchungaji wetu alikuwa na desturi yake: kwenye maombi ya kikao hakuna jina la mtumishi wala fumbo lake, isipokuwa mgonjwa au aliyefiwa. Akiwa na neno na mtu analimaliza kabla ya kikao, mlango umefungwa, na anaanza kwa kuuliza kilichotokea. Mara nyingi, kilichotokea kilikuwa agizo lake la jana lililogongana na la mtu mwingine.

Na malalamiko ya kutoka chini? Hapo makanisa yanateleza sana. Mtumishi akisema kazi zimemzidi, anaambiwa ana roho ya manung'uniko. Matendo 6 inaanza na manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, na watu wao wanasema. Mitume hawakumpa mtu jina la roho yoyote. Waliwakusanya wanafunzi, wakasema wazi kwamba wao hawataweza kulishika neno na meza kwa pamoja, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Majina yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Jina peke yake halithibitishi mtu ametoka wapi, lakini mimi nikiisoma orodha hiyo naona mgao umewekwa mikononi mwa upande ule uliokuwa unalalamika. Ingekuwa kwetu, tungeunda kamati ya kuwashauri wajane.

Makarani nasi tuna mtu wetu kwenye Biblia, Tertio. Paulo anaifunga barua kwa Warumi, sura ya 16 imejaa salamu na sifa kwa watu waliojitaabisha, kisha katika mstari wa 22 inaingia sauti nyingine: mimi Tertio, niliyeuandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana. Sentensi moja. Paulo alikuwa na la kusema bado, lakini alinyamaza mwandishi wake aseme lake. Tangu niusome mstari huo, katika ripoti ya mwaka nahakikisha anayepiga picha, anayepanga viti na anayefuta vumbi kwenye kinanda wameandikwa kwa majina yao kamili. "Na wengineo" nimeifuta kabisa.

Kuhusu mapumziko sitasema mengi. Kumbukumbu la Torati 5:14 inataka mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao, na Jumapili kwetu ni siku ya kazi nzito kuliko zote, kwa hiyo deni hilo lazima lilipwe siku nyingine. Kwetu ni Jumatatu. Simu ya ofisi inazimwa, na mwenye msiba ana namba ya mzee wa zamu. Mwanzoni watu walilalamika. Baadaye wakazoea, kama walivyozoea kwamba benki haifunguliwi Jumapili.

Kinachotushinda mpaka leo ni mazoezi ya harusi. Wahusika wanasema watafika Ijumaa saa 10 jioni, wanaanza kuingia saa 1 usiku, na muda wote huo mpiga kinanda na kijana wa mitambo wamekaa wanawasubiri, kwa sababu nani atamkemea bibi harusi? Tumeandika pendekezo: ikizidi nusu saa, mazoezi yafanyike bila kinanda na bila mitambo. Mchungaji anataka tuanze kulitumia kwenye harusi ya binti wa mmoja wa wazee wa kanisa, maana likisimama pale litasimama kwa kila mtu. Harusi ni mwezi ujao. Mzee mwenyewe bado hajaambiwa, na tunapokezana kukumbushana kwamba ni zamu ya nani kumwambia.